Tatu ya Chuma Gani

Katika karakana yetu kila mtu alimwita Baba Mkwe, ingawa alikuwa mkwe wa mtu mmoja tu. Huyo ni Fundi, mwenye karakana, aliyemwoa binti yake wa pekee. Fundi alimwita Baba. Sisi wengine tulitafuta namna ya kumtaja bila kumkosea, tukaishia kwenye Baba Mkwe, na jina likamkaa kama shati lililoshonwa kwa vipimo vyake. Hata dereva wa lori la mabati, asiye na udugu na yeyote kati yetu, alikuwa akishuka anampa mkono kwa heshima zote, kisha anamwuliza kama hakubakiwa na binti mwingine nyumbani. Baba Mkwe alimjibu kwamba amebakiwa na mashine, na anayemtaka aanze kwa kuleta grisi, maana binti huyo anakula sana.

Mashine aliyoisema ni ya kukatia mabati. Ni ndefu kama kitanda cha watu wawili, ina kisu kimoja chini kilicholala na kingine juu kilichoinama kidogo upande mmoja, kama mkasi unavyofungua mdomo. Unaingiza bati katikati, unakanyaga kanyagio, gurudumu zito la ubavuni linakishusha kisu cha juu, na kipande kinaangukia nyuma. Fundi aliinunua ikiwa imeshatumika kwingine. Rangi yake ya kijani ilikuwa imechubuka, lakini kile kibati kilichopigiliwa ribiti ubavuni kilikuwa bado kinasomeka: milimita 3, yaani unene wa bati ambao mashine inaweza kukata. Huenda chini yake palikuwa na maneno zaidi. Kama yalikuwepo, yalikuwa yamesuguliwa na mapaja ya mafundi wote waliowahi kuegemea pale.

Baba Mkwe alikuja kwetu baada ya kufiwa na mke. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha makabati ya chuma, mbele ya mashine ya namna hiyohiyo, mpaka kiwanda kikafungwa. Akabaki peke yake katika nyumba yenye viti vingi kuliko watu. Binti yake alimfuata, akamfungia mizigo bila kusubiri ruhusa. Naye alikubali, lakini kwa sharti ambalo hakumwambia binti. Mimi aliniambia siku moja alipokuja stoo kuchukua mafuta.

"Mtu akilala kwa mkwe wake, Stoo, hata kikohozi anakipima," alisema. "Nitakula chakula cha nyumba ile kama mikono yangu imeshinda kazini. Siku nitakayokuwa mzigo, au nitakayomharibia kijana kazi yake, narudi kwangu."

Wote waliniita Stoo, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Dirisha la stoo linaelekea mashine moja kwa moja, na ndiyo maana naweza kuyaeleza haya.

Baba Mkwe alivaa shati la mikono mirefu iliyofungwa vifungo hadi kwenye kifundo cha mkono, wakati wengine tulikuwa tumekunja mpaka kwenye viwiko. Pete hakuvaa. Kabla ya kuwasha, aliizunguka mashine akiipapasa kama anayekagua ng'ombe wa kununua, akainama kuchungulia pengo lililo kati ya visu viwili. Kwa bati jembamba alilibana, kwa nene alilifungua kidogo. Cheche, mchomeleaji wetu, kijana mwenye mdomo usiochoka, alimwuliza kama ile mashine ilikuwa imemwomba radhi au bado. Baba Mkwe alimwambia wameshapatana, na kwamba ingemsikia Cheche naye kama angeoga.

Jambo moja lilimshangaza kila mgeni. Fundi na Baba Mkwe walikuwa hawaongei habari za kazi. Ugomvi haukuwepo. Asubuhi walisalimiana kwa adabu zote, wakaulizana walivyoamka, wakafika mlangoni kila mmoja akimtanguliza mwenzake hadi walio nyuma wakaanza kusukumana. Lakini kwenye kazi, ndimi zilifungwa. Fundi aliona haya kumwagiza baba wa mke wake. Baba Mkwe naye aliona haya kutoa maoni ndani ya karakana ya mume wa binti yake. Kwa hiyo kila neno la kazi lilipitia kwa binti.

Binti ndiye aliyeshika ofisi, chumba kidogo chenye dirisha la kioo linalotazama sakafuni kwetu, na sisi tulimwita Bosi, yeye akicheka. Fundi alikuwa akisimama karibu na mashine kabisa, anasema, "Mwambie baba ule mlango upunguzwe kidogo upande wa bawaba." Bosi anageuka, ingawa baba yake alikuwa amesikia kila neno. Na Baba Mkwe, akiwa ameshika kipande mkononi, anasema, "Mwambie mumeo nimeshapunguza." Cheche alikuwa akisema kwamba nyumba ikiwaka moto na wale wawili wamo ndani, watamtuma Bosi awaambie watoke, tena Bosi itabidi abishe hodi kwanza.

Tulicheka, na kazi ilikwenda. Tulikuwa tunatengeneza mageti, milango, mara nyingine tangi. Karibu kila kitu kilikuwa cha bati jeusi, chuma cha kawaida. Mara moja mteja alileta alumini nene, milimita nne, na sote tukatazama kile kibati cha ubavuni. Baba Mkwe alilibana pengo la visu, akasema alumini ni laini ila ni mjanja, ukimwachia nafasi anajikunja na kuingia katikati ya visu badala ya kukatika. Akakata. Mashine haikuguna hata kidogo. Nakumbuka Fundi akitazama kwa mbali na kutikisa kichwa kwa furaha, na jioni akimwambia mkewe kwamba kumbe kile kibati kinaidharau mashine yake, ina nguvu kuliko inavyosema.

Hapo ndipo kosa lilipopandwa, ingawa hakuna aliyeliona.

Siku moja alikuja msimamizi wa jiko la hospitali. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na masufuria. Alitaka meza za jikoni zote zibadilishwe. Zile za zamani, alisema, zilikuwa zimebonyea kama kofia iliyokaliwa, maji yanatuama katikati, na kufuta hakufuti kitu. Alitaka juu pawe stenlesi, chuma kisichoshika kutu, milimita tatu, pasibonyee tena. Wa kumkatia hakuwa Fundi peke yake. Upande wa pili wa mji kulikuwa na karakana yenye mashine kubwa kuliko yetu, nayo inatengeneza meza.

Fundi alikaa naye ofisini. Hakutaka kujibu kwa kubahatisha, kwa hiyo alimnong'oneza mkewe, na Bosi akatoka kwenda kwa baba yake, simu ikiwa begani imebanwa na sikio, akimsikiliza mtu mwingine.

"Baba, anauliza kama mashine inakata tatu."

Baba Mkwe alikuwa ameinama akitia grisi. "Mwambie inakata. Tatu ndiyo saizi yake."

Bosi alirudi. Kupitia kile kioo nilimwona Fundi akisimama na kumpa mama yule mkono.

Neno lililokwenda na kurudi lilikuwa hilo moja, tatu. Hakuna aliyesema tatu ya chuma gani. Mzee aliyeishi maisha yake yote kwenye makabati, akisikia tatu, anaona bati jeusi. Fundi alikuwa na stenlesi mbele ya macho yake na mteja akiigonga meza kwa kidole, na tena alikwisha kuiona mashine ikila nne ya alumini kama mkate. Wangesimama pamoja kwa muda wa kumeza mate, swali lingejiuliza lenyewe.

Makubaliano yalikuwa kwamba tutengeneze meza moja kwanza, mama yule aje aione, kisha yaagizwe mabati ya nyingine zote. Basi lori likaleta bati moja, limefunikwa plastiki ya buluu. Dereva na Cheche walilibeba mpaka kwenye mashine. Baba Mkwe alibandua kona ya plastiki, akapitisha kidole gumba ukingoni, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akamwuliza dereva kama hiyo ndiyo tatu. Dereva akamwambia ni tatu kamili, apime mwenyewe. Akapima. Kisha akairudisha plastiki mahali pake polepole, kama anayemfunika mgonjwa shuka, akaizima mashine.

Ule ukimya ulituinua sote vichwa. Fundi alikuwa kwenye meza ya kuchomea, kinyago kikiwa juu ya paji la uso, anatazama. Baba Mkwe akamwambia binti yake amwambie Fundi kwamba visu vinataka kuangaliwa kabla ya bati kama lile. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote.

Alipokuja stoo alikaa juu ya debe la rangi. Akawa anaufungua na kuufunga mkono wake wa kulia.

"Nimetoa neno, Stoo," alisema. "Kijana amelichukua neno langu akampa mteja. Nikikata na mashine ikapasuka, nimemuua kwenye kazi yake. Nikisema siwezi, nimemwaibisha mbele ya mama wa watu, na kazi inakwenda kwa wale wa upande wa pili wa mji. Kwa vyovyote vile, kile chakula cha usiku nitakilaje?"

Nilimwuliza kama ana hakika kwamba mashine haiwezi. Akaniambia hana. Stenlesi inakishikilia kisu kuliko bati jeusi, hilo alilijua kwa kusikia, lakini kwa kiasi gani hakuwahi kulishika kwa mkono wake, kwa sababu kiwandani hawakuikata. Akanyanyuka. Kama kitu hukijui, alisema, basi unakipima.

Aliniomba vipande vya stenlesi vilivyobaki kwenye kazi za zamani za sinki. Nilikuwa navyo vya unene mbalimbali, nimeviandikia kwa chaki: moja, moja na nusu, mbili. Vile vyembamba kama mkanda alivirudisha. Aliniambia kipande chembamba kinamdanganya mtu, kwa sababu kisu kilichoinama kinakimaliza kabla mashine haijavuta pumzi. Alitaka vinavyozidi upana wa shubiri, ili kisu kipate kukaza kweli. Kisha akaomba bolti tatu zenye vichwa bapa, moja nyembamba, moja ya kati na moja nene, urefu wake mmoja.

Cheche alidhani mzee ameanza kucheza bao. Baba Mkwe alizisimamisha zile bolti kwa vichwa vyake juu ya bega la mashine, zikiwa zimejipanga kama watoto wanaosubiri kunyolewa. Akaanza na kitu anachokijua. Alikata bati jeusi la tatu. Gurudumu lilitoa ile sauti yake ya kawaida, mashine ikajikaza, na bolti nyembamba ikaanguka. Ya kati ilitikisika ikakaa. Nene haikujua kilichotokea. Akarudia mpaka akaridhika kwamba ni hivyohivyo kila mara. Mtikisiko huo, aliniambia, ndio tatu inayosemwa na kibati. Hapo ndipo ulipo mwisho wa nguvu zake bila kujiumiza.

Sasa akaingiza stenlesi ya moja. Hakuna kilichoanguka. Ya moja na nusu: nyembamba ikayumba, ikaanguka kwa uvivu. Alipofika kwenye mbili alibadilisha pengo la visu, akafuta mikono kwenye suruali, akaweka kiganja cha kushoto kwenye ubavu wa mashine na kukanyaga. Niliisikia tofauti nikiwa dirishani. Gurudumu lilipunguza mbio kidogo, ule mkanda wa mota ukalia kama mtu anayenyanyua gunia. Bolti nyembamba ilianguka. Ya kati ikacheza, ikazunguka kidogo juu ya kichwa chake, ikasimama. Vilevile kabisa kama kwa bati jeusi la tatu.

Akarudia. Ikawa vilevile. Akaokota kile kipande, akakitazama ukingoni mwake kwenye mwanga wa mlango, pale sehemu inayong'aa inapokutana na ile iliyovunjika, akapapasa makali yaliyobaki chini. Yalikuwa madogo. Visu vilikuwa vizima.

"Mbili yake ni tatu yetu," alisema.

Nilimwuliza kwa nini asijaribu ya tatu yenyewe, mara moja tu, tuone bolti gani itaanguka. Akanitazama kama niliyependekeza tupime kina cha kisima kwa kumtupa mtu ndani. Mtu akishafika mahali mzigo unamtetemesha magoti, alisema, humwongezei nusu yake tena ili ujue ataangukia upande gani.

Kilichobaki kilikuwa kusema. Alikwenda ofisini, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, tulisikia. Alimweleza binti yake yote, kuanzia bati jeusi mpaka bolti, kisha akamwambia amfikishie mumewe. Bosi alikuwa ameshika kalamu. Aliiweka chini.

"Hapana, Baba. Hili silipeleki."

Baba Mkwe alimwuliza kwa nini.

"Kwa sababu lile la kwanza mimi ndiye niliyelipeleka. Mlinipa nambari, nikaibeba kama kikombe, na kilichokuwa ndani kikamwagika njiani. Nenda mwenyewe. Hatakuuma."

"Ni mkwe wangu, mwanangu."

"Ni mume wangu. Namjua. Anang'ata kucha zake tu."

Mzee alisimama pale mlangoni akitazama sakafu ya karakana kana kwamba ni mto usio na daraja. Halafu akavua kofia. Alivuka taratibu, akipita kati ya mageti yaliyoegemezwa, na kila aliyekuwa na nyundo akawa amekumbuka kuitafuta spana. Fundi alimwona akija, akazima kichomeleo, akasimama wima kama mwanafunzi.

Walianza kwa kusalimiana, ingawa walishasalimiana asubuhi. Baada ya hapo wote wawili walilitazama bati la buluu, si nyuso zao.

"Fundi, mwanangu," Baba Mkwe alisema, "nilisema mashine inakata tatu. Ni kweli inakata. Tatu ya bati jeusi. Ya hii inakata mbili. Nimeipima."

Fundi alikishika kinyago kilichokuwa juu ya paji la uso. "Baba, nimeshampa mtu neno."

"Najua. Umempa langu."

"Lakini alumini tulikata nne. Niliona mwenyewe."

"Alumini ni laini, mwanangu. Hii ni kaidi. Kibati hakiisemi mashine peke yake, kinasema mashine na chuma cha kawaida. Ukibadilisha chuma, nambari inahama."

Fundi alivua kinyago kabisa akakiweka juu ya meza. Alikuwa na njia zake za kutokea, na alizitaja moja moja, kwa sauti ya chini, kama anayeomba. Kupeleka mabati yakakatwe kwenye ile karakana kubwa hakukuwezekana. Wangekata, kisha wangemfuata mteja. Cheche akaingilia kwamba yeye atayakata yote kwa grainda, mchana mmoja tu, na Fundi mwenyewe akamkatalia, kwa sababu moto wa grainda unaunguza ukingo, na palipoungua stenlesi huja ikashika kutu, na hiyo ni jikoni kwa wagonjwa. Mwisho akafika pale nilipojua atafika.

"Tujaribu moja, Baba. Hii moja tu. Labda itakubali."

"Itakubali," Baba Mkwe alisema. "Hilo ndilo baya lake. Itakata hii, na ya pili, nawe utafurahi, utaagiza mengine. Halafu kisu kitamegeka makali, au ile fremu itaachia mahali ambapo hatutaishona tena. Wakati huo utakuwa na nusu ya meza na huna mashine. Nimekuvunjia kazi kwa kutouliza. Kama unaona nirudi kwangu, nitaelewa. Lakini mguu wangu haukanyagi kanyagio kwa bati hili."

Nadhani Fundi alikuwa hajawahi kufikiri kwamba mzee anaweza kuondoka. Alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza siku ile, labda kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Urudi wapi, Baba?" alisema. "Mimi ndiye niliyeuliza nusu ya swali."

Kisha akalivuta lile bati akalibonyeza kwa viganja viwili, akaachia, akabonyeza tena. Kitu kilikuwa kimeanza kuzunguka kichwani mwake. Akauliza mbili inaikata safi, siku nzima, bila wasiwasi. Baba Mkwe akasema safi, mwaka mzima. Fundi akasema kwamba yule mama hakuja kununua unene, alikuja kununua meza isiyobonyea. Bati la mbili likikunjwa ukingo kwenda chini, kisha likakunjwa tena kuingia ndani, linakuwa gumu kama sanduku. Na chini katikati pakipitishwa mkanda wa chuma uliokunjwa kama herufi ya U, hakuna sufuria litakalolibonyeza. Presi yake ya kukunjia inaimudu mbili. Ya tatu, alikiri kwa aibu kidogo, nayo ingemsumbua.

"Mikunjo ni saizi gani?" Baba Mkwe aliuliza. "Maana nikikata bila kuihesabu, meza itatoka fupi."

"Upana wa vidole viwili kwenda chini, kimoja kuingia ndani."

"Vidole vyako au vyangu?"

Fundi akacheka, akachukua chaki. Wakainama wawili juu ya sakafu wakichora, mmoja akifuta alichochora mwingine kwa kiganja. Bosi alitoka ofisini na kikombe cha chai cha baba yake, akasimama kidogo, akaona hana pa kuingilia. Akakinywa mwenyewe.

Bado mama wa hospitali alikuwa hajaambiwa. Fundi alimpigia simu siku hiyohiyo akamweleza wazi kwamba alikosea kuahidi, na kwamba anataka amwonyeshe kitu kingine kabla hajakwenda kwa wengine. Yule mama hakufurahi. Alisema atakuja, lakini atakuja na sufuria lake.

Dereva alilichukua bati la tatu akatuletea la mbili. Baba Mkwe alikata asubuhi, sote tukiwa tumejifanya tuna shughuli karibu na mashine. Bolti zake alizisimamisha tena kwenye bega, si kwa kupima, nadhani ni kwa ajili ya Cheche, aliyekuwa amewekeana dau la soda na dereva kwamba ile ya kati itaanguka. Haikuanguka. Fundi alikunja. Cheche akachomelea mkanda wa chini na miguu, akasugua hadi viungo vikapotea.

Mama alifika kweli na sufuria, limebebwa na wapishi wawili. Alilijaza maji kwenye bomba letu, akaagiza liwekwe katikati ya meza, si polepole. Likatua kwa kishindo. Likaondolewa. Akainama, akaweka shavu karibu kabisa na meza, akafunga jicho moja, akatazama kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kisha akapapasa ukingo uliokunjwa kwa upande wa chini, akaendelea mpaka kwenye pembe, mkono ukasimama.

"Hapa mtanikata wapishi," alisema.

Alikuwa na haki. Pembe zilikuwa na ncha, na kati ya mkunjo na mkunjo palibaki upenyo ambamo mabaki ya chakula yangeingia yasitoke. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwa kidole namna zinavyotakiwa kuwa, mviringo, na upenyo uzibwe kabisa kwa kuchomelea, kwa sababu jikoni uchafu unatafuta mahali kama hapo. Fundi alimtazama Baba Mkwe. Baba Mkwe akasema pembe atazipunguza kwanza kabla ya kukunjwa, itawezekana. Mama akasema basi, ziwe hivyo zote, na hiyo tatu aliyoitaka tuisahau, ilikuwa hasira za meza za zamani. Akaondoka na wapishi wake. Sufuria walilisahau, wakalirudia baadaye.

Zile meza tulizimaliza, na baada ya hapo jiko la shule likataka za namna ileile. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi haikuwa na meza. Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Alikuja mtu mgeni, mtengenezaji wa vyungu vya kuchemshia mafuta ya manukato, anataka kukatiwa shaba. Bosi alikuwepo ofisini, mlango wazi, mikono haina kitu. Fundi alimwacha mgeni amesimama, akavuka sakafu mpaka kwenye mashine.

"Baba, kuna mtu ana shaba. Nyekundu, si ya manjano. Anasema unene ni milimita mbili na nusu, na vipande ni vipana, karibu urefu wote wa kisu. Nimwambie nini?"

Baba Mkwe alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa. Aliangalia juu, akafikiri, akauliza kama imelainishwa kwa moto au bado ngumu. Fundi akasema hajui, hilo hakuliuliza, na akarudi palepale kwa mgeni kuuliza. Alipokuja tena na jibu, mzee alikuwa ameshakunja kitambaa.

"Mwambie alete kipande kinachozidi shubiri," alisema. "Tukikata hicho, ndipo utampa neno."

Jioni hiyo, nikifunga dirisha la stoo, niliwaona wanatoka pamoja. Walifika mlangoni, na Baba Mkwe akapita kwanza bila kusubiri, akiwa katikati ya sentensi kuhusu shaba, na Fundi nyuma yake akimkatiza.